Soma kitabu cha katuni ukiwa na penseli mkononi

Karibu kila kijana anayeingia studio na hamu ya kutengeneza katuni huniuliza swali hilohilo: ninunue kitabu gani? Nikimuuliza anataka kujifunza nini hasa, hujibu "animesheni", basi. Hapo ndipo pesa hupotea. Vitabu vya picha kuhusu utengenezaji wa filamu za katuni viko vya aina mbili kubwa, na asiyezitofautisha hujikuta na kitabu cha kifahari mezani huku mhusika wake bado anateleza sakafuni badala ya kutembea.

Anza na vile vinavyofundisha mwendo. Preston Blair, mmoja wa waliochora wale viboko wanaocheza densi katika Fantasia, filamu ya Disney ya 1940, alitoa kijitabu chembamba cha mazoezi ambacho hadi leo kinachapishwa, na kwa bei nafuu kinatosha kukushughulisha kwa muda mrefu. Kikubwa zaidi ni The Illusion of Life cha mwaka 1981, kilichoandikwa na Frank Thomas na Ollie Johnston, wawili kati ya wale wachoraji wakongwe tisa wa studio ya Disney. Kina zaidi ya kurasa 500 na ndicho kilichoeneza zile kanuni 12 za animesheni utakazozisikia zikitajwa kila siku. Usikisome kuanzia mwanzo hadi mwisho kama riwaya. Historia ya studio itakungoja. Nenda kwanza kwenye michoro ya gunia la unga.

Ni gunia lililojaa nusu tu. Halina uso wala mikono, lina pembe nne basi, lakini katika michoro ile linaona fahari, linaona haya, linakasirika, linachungulia. Pembe za chini zinakuwa miguu, za juu zinakuwa mabega, na hisia zote zinabebwa na mkunjo wa kiuno. Zoezi linaonekana la kitoto mpaka ulijaribu. Unga hauongezeki wala haupungui: gunia likinyooka sharti liwe jembamba, likibonyea sharti litanuke. Magunia ya wanaoanza huvimba kidogo katika kila fremu (picha moja kati ya zile zinazounda mwendo), na kufika mwisho wa ruko unga umeshakuwa mara mbili! Tafuta kimfuko cha kitambaa (ule mfuko wa karatasi wa dukani ni mgumu mno), kijaze unga nusu, kifunge, kisha kiangushe mezani, kiegemeze ukutani, kikalishe ukingoni mwa kiti. Kichore kila mara. Baada ya hapo rudi kwenye kurasa zile utaona mambo ambayo hukuyaona mwanzo.

Kitabu cha Richard Williams, The Animator's Survival Kit cha mwaka 2001, ndicho ninachokisisitiza kwa wanaofanya kazi kwa kompyuta, ingawa kimejaa michoro ya penseli. Williams ndiye aliyeongoza animesheni ya filamu ya Who Framed Roger Rabbit (1988). Anatenganisha mambo mawili ambayo programu ya kompyuta huyachanganya kirahisi: muda, yaani kitendo kinachukua fremu ngapi, na nafasi, yaani kitu kinasogea kiasi gani kati ya fremu moja na nyingine. Sarafu inaweza kuvuka meza kwa muda uleule, ikaonekana inateleza sawasawa au inaanza kwa uzito na kumalizia taratibu. Kilichobadilika ni nafasi tu. Kompyuta itakujazia fremu za katikati bila kuuliza, na ndiyo maana kazi nyingi za wanaoanza zinaelea.

Kurasa za kutembea zinafaa zikaririwe kabisa. Kila hatua ina mikao minne: mguso, kushuka, kupishana, kupanda. Wengi hudhani mwili unakuwa chini kabisa pale kisigino kinapogusa ardhi. Sivyo. Unashuka baada kidogo, mguu wa mbele unapojikunja kupokea uzito, kisha unapanda unaposukumwa na mguu wa nyuma. Usiamini kitabu tu. Mwombe mwenzako apite koridoni, mrekodi kwa simu ukiwa ubavuni mwake, isimamishe video fremu kwa fremu na uilinganishe na ukurasa.

Humo humo Williams anasimulia alivyomuuliza Milt Kahl, gwiji mwingine wa Disney, kama husikiliza muziki akiwa kazini. Mzee alikuja juu, akasema yeye hana akili za kutosha kufikiria zaidi ya jambo moja kwa wakati. Nawaachia wenye vipokea sauti masikioni saa nane mfululizo.

Aina ya pili ni vile vitabu vikubwa vyenye jina linaloanza na The Art of, vinavyotoka pamoja na filamu. Hivi havifundishi kuchora wala mwendo. Vinaonyesha maamuzi: mhusika alikuwa na sura gani kabla ya hii, chumba kilipakwa rangi gani na kwa nini. Jua pia kwamba vinatolewa kuitangaza filamu. Albamu ya harusi haina picha ya kikao cha mahari, na vitabu hivi hali kadhalika havikuonyeshi ugomvi, bajeti iliyokatwa, wala msanii aliyeondolewa katikati ya kazi. Kwa hiyo thamani iko kwenye michoro iliyokataliwa. Ukikuta ukurasa wenye sura nyingi za mhusika mmoja, funika maelezo kwa karatasi, chagua mwenyewe unayoiona bora, andika sababu, kisha ulinganishe na iliyoingia kwenye filamu.

Chukua filamu ya Up ya mwaka 2009. Carl ni mraba: kichwa, miwani, mwili, hata kiti chake. Ellie, mkewe, ni duara, na kiti chake kina mviringo. Ellie akishafariki, viti viwili vinaendelea kukaa pamoja sebuleni, na mtazamaji anaisoma ndoa nzima bila mtu kusema neno. Huo ni uamuzi wa umbo, na unaweza kuufanya kwa penseli ya shilingi chache.

Lakini kuna jambo ambalo kitabu cha aina hii hakiwezi kukuonyesha hata kikiwa na karatasi nzuri vipi. Katika Spider-Man: Into the Spider-Verse (2018), mwanzoni Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, hubadilika kila baada ya fremu mbili, ilhali Peter anayemfundisha kuruka msituni hubadilika katika kila fremu. Ndiyo maana mmoja anaonekana mwepesi na mwingine anakwamakwama. Ukurasa umesimama, utaona rangi na madoa ya uchapishaji wa komiki, basi. Weka filamu kando ya kitabu, na kidole kwenye kitufe cha kusimamisha.

Dawa moja ya pengo hilo ni vitabu vya stori-bodi kamili (filamu nzima iliyopangwa kwa michoro, shoti baada ya shoti) za studio ya Kijapani ya Ghibli, vinavyochapishwa Japani. Kijapani kisikutishe. Kila ukurasa una safu ya picha, safu ya maelezo na mazungumzo, na pembeni kabisa safu ya muda. Ukiona 3+12, maana yake ni sekunde 3 na fremu 12, na kwa kuwa sekunde ina fremu 24, hiyo ni sekunde tatu na nusu. Soma safu hiyo peke yake na utaona mtu aliyenyamaza anapewa sekunde ngapi. Nyingi kuliko utakavyothubutu kumpa wewe.

Kuhusu bei: vile vikubwa huuzwa takriban dola 40 huko Marekani, kabla ya kusafirishwa. Nunueni kwa kuchangiana, mkiweke kimoja studio. Nakala zilizopigwa picha kwa simu zina ubaya wa pekee, mbali na kumnyima mwenye kazi haki yake: rangi huharibika. Ile michirizi ya rangi ambayo Ralph Eggleston, mkurugenzi wa sanaa, alichora kwa pasteli kupanga hisia za Toy Story (1995), tukio baada ya tukio, haina maana tena ikishageuka njano yote.

Na tafadhali, msinakili kijani cha Kazuo Oga, mchoraji wa mandhari, kwenye filamu ya Ghibli ya My Neighbor Totoro. Ile ni mashambani Japani wakati wa kiangazi. Jua la saa sita Tanga au Malindi halitoi kivuli cha namna hiyo. Tinga Tinga Tales, katuni ya televisheni iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza 2010, ilianzia kwenye michoro ya Tingatinga ya Dar es Salaam. Tazama madoa ya wanyama wale wanapogeuka, kisha jiulize wewe ungeyafanyaje yageuke pamoja na mwili.

Hayo yatakapofika zamu yenu kuyatatua, hifadhini michoro iliyokataliwa. Andika tarehe, namba ya shoti (kipande cha filamu) na sababu ya kukataliwa kwenye jina la faili. Nimeshaona folda yenye mwisho, mwisho_kabisa na mwisho_kabisa_kweli, na hakuna mtu studio nzima aliyejua ipi ilitangulia.