Maswali Yenu Kuhusu Shajara: Tarehe Kwanza, Mapambo Baadaye

Tangu nilipoandika juu ya faida za kuweka shajara, maswali yameendelea kuja, mengi yakiwa ni yale yale yaliyobadilishiwa kanga. Nimechagua machache. Walioniuliza ni duka gani la Mbeya mjini linalouza shajara zenye jalada la ngozi wasinisubiri: kaunta buku ya kawaida inatosha.

Nimenunua daftari, lakini kila nikikaa sijui niandike nini. (Mwanjelwa, Mbeya)

Hili nimekwisha kulijibu, na nitalijibu kwa mara ya mwisho. Andika tarehe, andika jambo moja lililotokea, kisha andika wewe ulifanya nini. Mistari mitano inatosha. Anayeukodolea macho ukurasa mtupu akisubiri maneno mazuri ni yule anayemwandikia mtu mwingine, ilhali shajara haina msomaji ila wewe mwenyewe miaka kadhaa ijayo, na siku hiyo hutajali uzuri wa sentensi bali utataka kujua ni lini, wapi, na nani alikuwepo. Acheni pia kunakili semi za kutia moyo mnazozikuta mitandaoni, kwa sababu daftari lililojaa maneno ya watu wengine halitakukumbusha lolote kuhusu maisha yako.

Je, ni kweli kwamba kuandika kunatibu? Shemeji yangu anasema ni uzushi. (Kihesa, Iringa)

Shemeji yako ana haki ya kutilia shaka neno "kunatibu", ambalo wauzaji wa semina wamelichakaza. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne mfululizo. Baadhi yao waliandika mambo ya kawaida, na wengine waliandika juu ya tukio lililowaumiza sana maishani. Walioandika tukio hilo pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu walipoweka kalamu chini, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo. Baadhi zimeona manufaa, mara nyingi madogo, na nyingine hazikuona kitu.

Watu hupenda kusimulia habari ya kituo cha afya na kuiruka ile ya kujisikia vibaya, nami naona hiyo ya pili ndiyo muhimu kwa anayeanza. Ukiandika juu ya msiba au talaka, usiku huo utakuwa mzito, na hilo halina maana kwamba umekosea. Hata hivyo, ukijikuta unaandika malalamiko yale yale kila usiku kwa wiki tatu, huandiki tena, unacheua, na ni afadhali ufunge daftari ukazungumze na mtu unayemwamini. Asiyelala kwa majuma, au anayefikiria kujidhuru, aende hospitali. Na dawa ya presha imezwe kama daktari alivyoagiza, uwe unaandika au huandiki.

Usiku mawazo ya kazi hayaniachi. Shajara itanisaidia kulala? (Uyole)

Huenda. Katika utafiti mdogo wa watu 57 uliochapishwa Marekani mwaka 2018, walioandika kwa dakika tano orodha ya mambo yanayowangoja kesho na siku zinazofuata walisinzia mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza, kwa wastani wa dakika tisa hivi. Andika orodha yako kwa kina, kisha weka simu mbali, kwa maana nadhani simu ndiyo inayokukesha kuliko kazi.

Mume wangu alisoma daftari langu nikiwa shambani, na tangu siku hiyo haniongeleshi. Je, nilikosea kuandika? (Mama wa watoto wawili, Mafinga)

Pole, mwenzangu. Hukukosea kuandika, ulikosea mahali pa kuliweka, naye alikosea kulifungua.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu, mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu akakaa kwetu majuma sita, nami usiku mmoja, nikiwa na hasira, nikajaza kurasa mbili juu yake, kisha nikaliacha daftari juu ya kabati la vyombo. Hakuna aliyelipekua. Lilianguka lenyewe, likafunguka pale pale, na aliyeliokota ni mama mkwe. Alilifuta unga kwa ncha ya kanga, akalirudisha mahali pake, na jioni akaniambia tu kwamba nina mwandiko mzuri. Alikaa majuma mawili zaidi.

Nimezisoma kurasa hizo mara nyingi. Zimejaa "ananisimamia" na "ananidharau", lakini hazina tarehe wala tendo hata moja. Laiti ningeandika yaliyotokea, ningeandika pia kwamba katika baridi ile ya Julai ni yeye aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa ili watoto wapate uji kabla ya shule.

Kwa hiyo mkalishe mwenzako, umwonyeshe ukurasa huo huo, na umwambie lipi ni tukio na lipi ni hasira. Kama kimya chake kitageuka vitisho, hilo si suala la shajara tena: waite wazee, au nenda dawati la jinsia la polisi. Na wengine wote mnaosoma hapa, msiandike kamwe namba za siri za simu na benki humo, wala siri mlizoaminiwa na watu wengine.

Niandike kwenye simu au kwenye daftari? (Makambako)

Daftari. Simu huibwa, huzama kwenye ndoo, husahauliwa nywila. Daftari langu la mwaka 2009 lilinyeshewa bati lilipovuja, nalo linasomeka mpaka leo kwa sababu nilitumia kalamu ya bolpeni. Kurasa chache za wino wa jeli zimebaki mawingu ya buluu.

Nalima viazi Njombe. Niweke hesabu za shamba humo humo? (Mkulima)

Weka humo humo: siku ya mvua ya kwanza, mbegu uliyopanda, mbolea, vibarua, na bei. Ukiandika "magunia 20" bila kusema kama ni lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo, umejidanganya mwenyewe. Lakini ukimkopesha mtu au ukinunua shamba, andikishianeni mbele ya mashahidi, kwa kuwa shajara yako ni neno lako peke yako.

Niandike kwa Kinyakyusa au kwa Kiswahili? (Kyela)

Kwa lugha ile unayoitumia ukigombana.

Nina miaka 74. Sijachelewa? Na nani atajali maisha ya mkulima? (Kalenga, Iringa)

Shikamoo, mzee wangu. Wewe unakaa Kalenga, na swali hilo linanishangaza kutoka huko. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyekuwa na ngome yake hapo hapo Kalenga, alipambana na Wajerumani tangu vita vya Lugalo mwaka 1891 hadi kifo chake mwaka 1898. Katika miaka ya mwisho ya vita hivyo, Magdalene von Prince, mke wa ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akimwinda, aliishi Iringa na kuandika kumbukumbu zake, ambazo baadaye zilichapishwa kuwa kitabu. Mpaka leo anayetaka kujua siku zile zilikwendaje hufungua kurasa za mama huyo, wakati upande wetu tulirithi masimulizi ya mdomo, yenye uzito wake, lakini yanayopungua kila tunapozika mzee. Yule mama aliandika mambo ya nyumbani kwake, na leo ni historia yetu.

Basi wewe andika bei ya mahindi ulipooa, jina la aliyekufundisha kulima, njia mliyopita kwenda mnadani. Kama macho yamechoka, mwite mjukuu aandike huku ukisema, na umkataze kukurekebisha lugha.

Naolewa Agosti. Nina madaftari sita yenye habari za mtu wa zamani. Niyachome? (Mlandege, Iringa)

Si mwezi huu. Yafunge kwenye mfuko wa nailoni, mpelekee dada yako ayatunze bila kuyasoma, na uamue baada ya mwaka mmoja. Mimi nilichoma langu moja jikoni kwa sababu kama yako, na ndani yake kulikuwa na ukurasa ambao marehemu mama alinitajia majina ya ndugu zake wote waliokufa wadogo. Nakumbuka matatu. Walikuwa watano.