Skafu inayopungua upana, na hesabu ya matamvua yake

Swali: Fundi, naomba msaada. Ninafuma skafu kwa kroshia, mishono mirefu mitupu, kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 5.5. Nilianza na mishono 27, lakini nilipohesabu katika mstari wa 20 nilikuta 19 tu, na skafu inazidi kuwa nyembamba kadiri inavyorefuka. Nimeambiwa matamvua yataficha kasoro hiyo. Je, ni kweli? Na nifanyeje ili matamvua yasichomoke, ukizingatia kwamba uzi umeanza kuniishia?

Jibu: Matamvua hayataificha. Yatafungwa kwenye ncha mbili za skafu, na ncha moja ikiwa na mishono 27 na nyingine 19, tofauti hiyo ndiyo itakayoonekana kwanza, kwa kuwa upande mmoja utakuwa na matamvua mengi kuliko mwingine. Nakushauri ufumue. Najua inauma kufumua kazi ya siku kadhaa, lakini si lazima urudi mwanzo kabisa: hesabu mstari mmoja baada ya mwingine kutoka chini, na usimame kwenye mstari wa mwisho wenye mishono 27 kamili.

Sasa tuangalie mishono minane ilipotelea wapi. Kila unapogeuza kazi unafuma minyororo mitatu ya kupandia, na minyororo hiyo huhesabiwa kuwa mshono mrefu wa kwanza wa mstari mpya. Ndiyo maana sindano huruka mshono ulio chini yake na kuingia kwenye wa pili. Hadi hapo naamini unafanya sawasawa. Tatizo hutokea unapofika mwisho wa mstari, mahali ilipo minyororo mitatu ya mstari uliotangulia. Imejikunja kidogo kuelekea nyuma, ni myembamba kuliko mishono mingine, na kichwa chake hakikulala wazi kama vya wenzake, kwa hiyo jicho huiona kama ukingo tu na mkono unageuza kazi kabla ya wakati. Kila ukifanya hivyo unapoteza mshono mmoja. Kupoteza minane katika mistari 20 kunaonyesha kwamba mara nyingine uliuona na mara nyingine ukaupita.

Dawa yake ni ndogo. Ukimaliza minyororo mitatu ya kupandia, kabla ya kuendelea, pitisha kipande kifupi cha uzi wa rangi tofauti kwenye mnyororo wa tatu, yaani ule wa juu. Ukirudi na mstari unaofuata, mshono wako wa mwisho lazima uingie hapo penye alama, na sindano ipite chini ya nyuzi mbili za mnyororo huo, si moja. Kisha chomoa alama uihamishie kwenye minyororo mipya. Hesabu kila mstari, angalau kwa mistari kumi ya kwanza, mpaka vidole vizoee. Na ikiwa siku moja utakuta mishono 28, ujue umefanya kosa la upande wa pili: umefuma kwenye ule mshono wa kwanza uliopaswa kurukwa.

Jambo moja kuhusu vielelezo, kwa kuwa huwachanganya wengi. Mshono huu mrefu, ambao uzi huzungushwa mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia, katika vielelezo vya Marekani hufupishwa dc, lakini katika vile vya Uingereza hufupishwa tr, na herufi dc huko ni za mshono mfupi. Angalia kielelezo chako kimetoka wapi kabla ya kuanza.

Nije kwenye matamvua. Mishono 27 ni idadi nzuri, kwa sababu ukifunga tamvua kwenye mshono mmoja na kuruka unaofuata, utaanza na kumaliza pembeni kabisa, na kila ncha itapata matamvua 14. Kwa nyuzi tatu katika kila tamvua, ncha mbili zitahitaji nyuzi 84. Ukitaka matamvua ya sentimita 15, kata kila uzi sentimita 34, kwani utakunjwa katikati na kifundo nacho hula sehemu yake. Jumla ni takriban mita 29. Ndiyo maana mimi hukata nyuzi za matamvua kabla ya kufuma hata mnyororo wa kwanza, nikazifunga fungu moja na kuziweka kando.

Wewe bado una nafasi ya kufanya hivyo. Zikate leo kutoka kwenye uzi mpya uliobaki, kisha endelea kufuma kwa ule uliofumuliwa. Uzi uliofumuliwa hujipindapinda; ndani ya mishono hautaonekana, lakini kwenye matamvua utaning'inia kama nywele zilizotoka kwenye msuko. Kuzikata sawa ni rahisi: chukua kipande cha kadibodi chenye upana wa sentimita 17, zungushia uzi mara 84 bila kuuvuta sana, kisha kata upande mmoja kwa mkasi. Ikiwa uzi mpya hautoshi, tumia nyuzi mbili badala ya tatu. Utahitaji mita 19 hivi. Ukilazimika kununua zaidi, linganisha namba ya rangi na namba ya mkupuo wa upakaji rangi kwenye lebo, kwa maana rangi yenye jina lilelile inaweza kutofautiana kidogo.

Matamvua huchomoka hasa kwa sababu yameshikiliwa na uzi mmoja tu wa ukingo, au kifundo hakikukazwa. Ingiza sindano chini ya nyuzi zote mbili za kichwa cha mshono, kamata nyuzi tatu pale zilipokunjwa, vuta kitanzi kitokeze, pitisha miguu yote sita ndani yake, kisha kaza kwa kuvuta mguu mmoja mmoja. Ingiza sindano kutoka upande uleule wa skafu kwenye ncha zote mbili, ili vifundo vielekee upande mmoja. Uzi ukiwa wa kuteleza, gawa miguu ya kila tamvua mara mbili, ufunge nusu yake pamoja na nusu ya jirani, sentimita 3 chini ya ukingo. Hapo ongeza urefu kidogo wakati wa kukata.

Mwisho, laza skafu mezani, chana matamvua kwa vidole, na uyapunguze kwa kufuata rula. Uzi wako ukiwa wa akriliki, usiyanyooshe kwa pasi ya moto, kwa sababu joto huuyeyusha na kuulegeza, na hautarudi ulivyokuwa.