Umtafutie kazi au umpeleke madrasa? Jibu kwa mama wa Mbagala

Mama, umeuliza kama mwanao wa miaka 16, aliyeacha shule kidato cha pili na sasa anashinda kijiweni akivuta bangi, umpeleke madrasa ya bweni au umtafutie kazi. Mimi ni fundi seremala Keko, na karakana yetu imepokea vijana wengi wa namna hiyo. Ushauri wangu ni kwamba usivitenganishe viwili hivyo, na kimojawapo kisiwe adhabu.

Kijana akilazimishwa kuswali kwa sababu ameiba, ataiona swala kuwa fimbo nyingine. Kwetu adhana ya adhuhuri ikilia mashine huzimwa na mafundi hutawadha. Kijana mgeni haamrishwi, ila baada ya muda wengi huinuka wenyewe, kwa kuwa wanamwona anayewafundisha kupiga randa ndiye huyo huyo anayesujudu. (Vijana Wakristo wana Jumapili yao, na hatuwaulizi.) Ile hadithi katika Bukhari, kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokila kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud alikula kwa kazi ya mikono yake, huwa nawakumbusha siku ya malipo, kijana akiwa ameshika fedha yake ya kwanza ya halali.

Kazi yenyewe huanza na msasa, kisha randa ya mkono juu ya paini, na mninga huja baadaye sana. Kijana mmoja, aliyefika kwetu akiwa hawezi kumtazama mtu usoni, alitengeneza stuli ambayo mguu mmoja ulikuwa mfupi, akataka kuubandika kipande cha mbao chini ili usionekane. Fundi mkuu aliung'oa taratibu, akampa patasi na mbao nyingine, akakaa naye mpaka stuli ikatulia sakafuni. Jioni hiyo hiyo akamtuma dukani kununua gundi na misumari, na chenji iliporudi hakuihesabu mbele yake. Kwa kijana ambaye mtaa mzima umezoea kumwita mwizi, heshima hiyo humgusa kuliko mawaidha ya saa nzima.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza kazi za hatari na za usiku kwa aliye chini ya miaka 18. Fundi akimweka kwenye msumeno wa umeme wiki ya kwanza, au akimnyima hata nauli kwa kisingizio kwamba anamfundisha, mwondoe. Akishaiva, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa.

Chunguza pia kama ni bangi tu. Ikiwa ameingia kwenye unga, yaani heroini, aanzie hospitali: Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, mwaka 2011, na Temeke, karibu nawe, wana kliniki hiyo.

Siku ya kwanza mpeleke wewe mwenyewe, umtambulishe kwa jina lake, na makosa yake usiyasimulie mbele ya vijana wenzake. Yale ambayo fundi anahitaji kuyajua, mweleze pembeni.