Watu 19 Orlando: barua kwa mwanangu

Kissimmee, Florida

Mwanangu,

Nimeisikiliza ile sauti uliyonitumia Jumapili usiku, nikairudia asubuhi nikiwa kwenye basi la kwenda kazini. Umesema ukoo umekubaliana kukutana huku Walt Disney World Desemba hii: nyinyi wa Columbus, mjomba wako na nyanya kutoka Toronto, shangazi yako wa London na wanawe, na wakwe zako. Watu 19, na hakuna hata mmoja anayepajua. Unaniuliza mlale wapi, muanze na bustani ipi kati ya zile nne za michezo, na utawafanyaje watu wote hao wasipoteane wala wasinuniane. Na umeniuliza mimi kwa kuwa ninakaa jirani, ingawa mkija kwangu huwa mnaishia sebuleni kwenye sinia la biriani.

Mle ndani nimeingia, lakini ninayoyajua zaidi nimeyaona kwenye vyumba vya wageni ninavyosafisha. Siku ya kwanza nakuta ratiba imebandikwa kwenye kioo, saa kwa saa, kwa kalamu za rangi, na masikio ya Mickey yamepangwa mezani kwa mstari. Siku ya tatu ratiba iko kwenye pipa la taka, sinki limejaa maganda ya plasta za malengelenge, na kuna mtu mzima aliyehamia kwenye kochi na mto wake. Mara nyingi hao ni familia kubwa waliotaka kufanya kila jambo pamoja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usipange namna ya kutembea pamoja, panga namna ya kukutana. Watu 19 hawaendi msalani kwa wakati mmoja. Wakimaliza wa kwanza, wa mwisho ndiyo kwanza wanaingia, na mtoto mmoja keshaanza kulilia popkoni. Mkiongozana hivyo, mpaka adhuhuri mtakuwa mmepanda mchezo mmoja na kugombana mara mbili. Wagawe makundi ya watu watano au sita, na usiwagawe kwa nyumba zao, wagawe kwa miguu yao. Wanaotaka kukimbia toka asubuhi wawe pamoja. Wenye vigari vya watoto wawe pamoja. Nyanya na wakwe zako wawe na mtu mpole asiye na haraka, na mimi najitolea. Kila kundi liwe na mmoja ambaye simu yake ina chaji na anaielewa ile programu ya Disney, maana kule ramani, tiketi, chakula na urefu wa foleni vyote viko kwenye simu. Halafu chagueni mlo mmoja kwa siku ambao wote mtakaa chini mahali palipotajwa, saa iliyotajwa. Saa nyingine zote kila kundi lijiendee.

Watoto pia wapimwe urefu kabla hawajaahidiwa chochote. Kule mlangoni pa kila mchezo wa kasi kuna kipimo, na mhudumu hasikii kilio. Treni ya mbilikimo saba inataka sentimita 97, Space Mountain 112, na ile ya TRON 122. Wapime nyumbani, wakiwa wamevaa viatu watakavyovaa siku hiyo, umwambie kila mmoja mapema vipi vyake na vipi si vyake. Wenye watoto wadogo waulize mlangoni kuhusu Rider Switch: mzazi mmoja anapanda na mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Nashangaa jinsi watu wengi wanavyorudi makwao bila kulijua hilo, na ni bure.

Sasa tarehe, na hapa nitakukatalia. Umesema kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya kwa sababu ndipo wote mna likizo. Basi na Marekani nzima ina likizo. Wiki ile ndiyo yenye watu wengi kuliko zote na tiketi zake ni ghali, kwa kuwa bei hufuata tarehe. Njooni wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba, mapambo ya Krismasi yameshatundikwa na jua la hapa limepoa. Watoto wakikosa siku chache za darasa hawatakuwa wajinga. Kuna jambo moja la kuangalia kwenye kalenda: usiku kadhaa wa Desemba, bustani ya Magic Kingdom hufanya sherehe ya Krismasi yenye tiketi yake, na wasio nayo huondoka saa kumi na mbili jioni. Mchana wa siku hizo watu hupungua, lakini fataki mtazikosa. Amua unachokitaka, usije ukagundua langoni.

Malazi. Kukaa kwenye hoteli za Disney kwenyewe kuna faida: mnaruhusiwa kuingia bustanini nusu saa kabla ya wengine, mna mabasi yao, na kuegesha gari bustanini hamlipi. Lakini kwa watu 19 utahitaji vyumba vitano, na jioni mtakuwa mnatafutana kwenye korido. Huku Kissimmee na Davenport zimejaa nyumba za kukodi zenye vyumba sita, saba, jiko na bwawa la kuogelea nyuma. Ningechukua mbili zilizo jirani badala ya moja kubwa. Sababu unaijua: mama mkwe wako hawezi kuvuka sebule na taulo begani mbele ya mjomba wako, na mjomba wako naye hatapumua vizuri akijua mkwe wa watu yuko chumba cha pili. Wakwe wapewe chumba cha chini chenye choo chake, na nyanya vilevile, ngazi asizijue.

Kuhusu bwawa, nisikilize vizuri. Nyumba hizi mara nyingi huwa na uzio wa wavu au king'ora kwenye mlango wa kutokea bwawani. Hupiga kelele kila mlango unapofunguliwa, na watu huchoka nacho wakakizima. Msikizime. Kila saa awepo mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kwamba zamu ya bwawa ni yake, simu yake iko mezani. Watu kumi wakidhani kila mmoja anaangalia, hakuna anayeangalia.

Mtakodi vibasi viwili, mfano wa matatu za Kenya, kila kimoja cha watu 12. Watoto wa miaka mitano kushuka chini ni lazima wawe na viti vyao vya gari kwa sheria ya Florida, kwa hiyo waulize wenye magari mapema au mje navyo. Lile basi la bure la Disney kutoka uwanja wa ndege, ambalo rafiki yako alilisifia, lilifutwa Januari 2022. Na siku ya Magic Kingdom tokeni saa nzima kabla ya muda mnaoufikiria, kwa sababu mkiegesha mnakuwa bado hamjafika. Maegesho yako ng'ambo ya ziwa, na kutoka hapo mnavuka kwa feri au kwa treni ya reli moja. Wazee watapenda feri.

Ukauliza bustani ya kuanzia. Siku mtakayotua msiingie bustani yoyote. Nendeni Disney Springs, mtaa wao wa maduka na mikahawa, mkatembee, mle, watoto waone taa, kuingia ni bure na kuegesha ni bure. Kesho yake nendeni Animal Kingdom, na wala si Magic Kingdom kama wanavyofanya wengi.

Nina sababu zangu. Animal Kingdom hufunguliwa mapema na wanyama huonekana vizuri asubuhi, na wageni wa Toronto na London siku ya pili bado wana nguvu za kudamka. Lakini hasa ni kwa ajili ya nyanya. Mle ndani kuna kijiji kinaitwa Harambe, na walikijenga kwa kuiga Lamu. Kuta zimechubuliwa makusudi zionekane zimekula chumvi miaka mingi, mabango yameandikwa kwa Kiswahili, na kuna kioski cha vinywaji kinachoitwa Tamu Tamu. Nyanya yako mzaliwa wa Lamu atawakagua milango na baraza kama mkaguzi wa kaunti, na najua swali lake la kwanza litakuwa punda wako wapi. Mwache aulize kwa sauti. Hapo hapo ndipo mnapopandia magari ya wazi ya Kilimanjaro Safaris, mnazunguka kati ya twiga, tembo na simba walio hai, na lipo gari linalopokea mtu akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Mimi nilicheka nilipoona Wamarekani wanapiga foleni ndefu kutazama swala, lakini gari lilipokata kona tembo akawa pale, nilisimama kama wao.

Mlo wa pamoja wa siku hiyo uwe kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge, mkahawa wa Sanaa, ambao madirisha yake yanatazama mbuga yenye pundamilia na twiga. Si lazima mlale pale ndipo mle. Mfike kabla jua halijazama, na Desemba hapa linazama kama saa kumi na moja na nusu. Kuagiza meza kunaanza siku 60 kabla, na kwa watu 19 usitegemee simu ikupe meza moja, omba tatu au nne kwa saa inayokaribiana. Wakwe zako wanakula halali, basi waandikieni wa mkahawa mapema, na mkifika mwombe kuzungumza na mpishi mwenyewe, hawaoni taabu kuja mezani.

Siku ya tatu pumzikeni. Hili halina mjadala. Kaeni nyumbani, ogeleeni, nitakuja kupika pilau. Siku ya nne Magic Kingdom, ya tano EPCOT kwa wakubwa na Hollywood Studios kwa vijana. Pale EPCOT kuna mzunguko wa ziwa wa karibu kilomita mbili wenye mabanda ya nchi 11. Shangazi yako atapenda la Moroko, ambalo mfalme wa nchi hiyo alituma mafundi wake walijenge. Vijana wakikutajia Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025, hiyo ni ya Universal, kampuni nyingine, tiketi nyingine, upande mwingine wa mji. Anayeitaka ajilipie na aende siku ile ya mapumziko.

Foleni za kulipia ziitwazo Lightning Lane usiwanunulie wote. Wanunulie wale wakimbiaji, kwa Magic Kingdom na Hollywood Studios tu. Mkiwa kwenye nyumba ya kukodi zinaanza kuuzwa kwenu siku tatu kabla, saa moja asubuhi, na mtu awe ameshika simu saa ile.

Pesa ndiyo itakayowagombanisha kuliko foleni. Usiwe wewe mweka hazina, na mumeo asijitie kulipia kwanza kisha arudishiwe, kwa sababu kumdai mjomba kunataka moyo. Mpe shangazi yako wa London, anayehesabu hata vijiko. Kila nyumba ijinunulie tiketi zake. Mfuko wa pamoja uwe wa nyumba, magari na chakula cha nyumbani, nao ujae kabla ya Oktoba kwisha. Asiyetoa mpaka hapo, kitanda chake kihesabiwe kiko wazi. Najua ni ukali, lakini manahodha wengi chombo huenda mrama, na wewe unao manahodha sita. Kumbuka pia kwamba walio chini ya miaka mitatu huingia bure, na kuanzia miaka kumi mtoto hulipiwa bei ya mtu mzima, kwa umri wake wa siku anayoingia. Yule wa shangazi anayetimiza kumi Novemba, mhesabu hivyo.

Tiketi nunueni kwa Disney wenyewe au kwa wakala wanaomtambua. Kwenye barabara ya 192 hapa kwetu utaona vibanda vya tiketi za bei ya kutupa. Nyingine ni mtego wa kukukalisha asubuhi nzima usikilize wauzaji wa nyumba za likizo zinazomilikiwa kwa zamu, na nyingine zilishatumika nusu na mtu mwingine, na langoni wanachukua alama ya kidole.

Mengine ni madogo. Viatu viwe vilivyozoea mguu, maana mtatembea kilomita kumi na zaidi kwa siku. Chakula chenu mnaruhusiwa kuingia nacho, ila si vyombo vya glasi, na maji ya baridi kwenye vikombe hutolewa bure kwenye vioski vya chakula, msinunue chupa. Mikokoteni ya kuvuta watoto hairuhusiwi, vigari vya kawaida tu. Kiti cha magurudumu cha nyanya nitakikodi hapa Kissimmee kwa wiki nzima, kitaletwa mlangoni. Atakataa kukikalia. Mwambieni ni cha kubebea mikoba, mpaka adhuhuri atakuwa amekaa.

Shangazi na wanawe wana pasi za Uingereza, waombe ile ruhusa ya kuingia bila viza, ESTA, mapema kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, wasipitie hawa madalali wa mtandaoni wanaoongeza ada.

Nijibu tarehe kabla ya Ijumaa, maana likizo kazini huombwa mapema na Desemba kila mtu anaitaka. Msalimie mkwe wangu, na umwambie mama yake kwamba mahamri nitapika mimi, asibebe unga kutoka Ohio.

Mama yako