Pima kabla hujachoma, mengine tutaongea baadaye

"Shikamoo mzee. Samahani kama nitakukwaza, ila wewe si unachoma testosteroni? Mbona sisi vijana unatukataza? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Hiyo meseji imeingia kwangu juzi, imetoka kwa kijana wa miaka 26 anayepiga chuma kama sisi, na picha katuma, mwili anao tena mzuri kuliko niliokuwa nao mimi umri wake. Marahaba mdogo wangu. Hujanikwaza. Walionikwaza ni wengine, ntawafikia humu humu.

Ndiyo, nachoma. Kila wiki, paja la kulia wiki hii la kushoto wiki ijayo, na sioni siku ya kuacha. Mke wangu anajua, daktari anajua, na sasa na nyie mnajua. Ila mimi nikichoma na wewe ukichoma siyo kitu kimoja japo kichupa ni kile kile, na hapo ndipo ubishi wote wa testosteroni, hii homoni ya kiume, unapoharibika, watu wanagombania kichupa badala ya kuuliza nani anachomwa na kipimo chake kilisemaje kabla.

Ngoja nikupe historia yangu, ni ndefu kidogo vumilia.

Nilipata matubwitubwi nikiwa na miaka 17. Wengi mnajua ni ugonjwa wa watoto, mashavu yanavimba, siku zinapita, basi. Sasa ukiupata umeshabalehe unaweza ukashuka kwenye korodani, na mimi ulishuka, zote mbili, yale maumivu mpaka leo nikiyakumbuka nakaa vizuri kwenye kiti. Nikapona. Hakuna aliyeniambia kuna kitu kimebaki huko chini. Nikaoa, mtoto wa kwanza akaja, wa pili akagoma, na miaka yote ile aliyekuwa anapimwa ni mke wangu peke yake, dawa kanywa yeye, maneno ya watu kameza yeye. Mimi nilikuwa naonekana dume, nabeba chuma, nani angenishuku? Hilo bado linaniuma kuliko yote. Wanaume mnaosoma hapa, mtoto akichelewa mnaenda wote wawili, kipimo cha mbegu hakiumi hata kidogo.

Miaka ya arobaini ndo nikaanza kuisha. Uzani niliokuwa nauchezea ukaanza kunichezea mimi. Usiku natoka jasho shuka linaloa, mchana nasinzia kwenye kiti, hasira za ajabu ajabu, na mambo ya chumbani yakawa kama hadithi ya mtu mwingine. Ila kilichonishtua hasa ni ndevu. Nilikuwa mtu wa kunyoa kila asubuhi, nikajikuta wembe unakaa siku nne tano bila kazi, napitisha mkono kidevuni naona laini tu.

Jimu kila mtu alikuwa na jibu. "Mzee umri huo, chukua testo." Mmoja akafungua begi palepale kwenye benchi akanitolea kichupa, lebo imebanduka upande mmoja, namba ya toleo haisomeki, ndani mafuta ya njano. Nikakataa. Mngependa niseme nilikataa kwa busara, hapana, naogopa sindano. Huo woga ndio uliniokoa maana ulinipeleka kwa daktari kwanza.

Daktari akaniambia nije asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, sijala. Asubuhi ndo homoni hii inakuwa juu, ukipima jioni unaweza ukaambiwa umeishiwa kumbe saa ndiyo mbaya. Majibu yakaja 148, nanogramu kwa desilita. Akasema hatuamini kipimo kimoja, rudi siku nyingine asubuhi tena. 161. Kwa kukulinganishia, madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani mstari wao ni 300, na hata ukiwa chini ya hapo wanataka vipimo viwili vya asubuhi na dalili juu yake ndo wakuite mgonjwa.

Lakini kipimo kilichomaliza maneno kilikuwa LH. Hii ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo inaziambia korodani zifanye kazi. Yangu ilikuwa juu sana. Yaani ubongo wangu ulikuwa unaita kama mama anayemwamsha mtoto wa shule, anaita, anaita, na mtoto haamki. Hapo daktari akaniuliza swali moja tu: uliwahi kuugua matubwitubwi?

Sasa wewe mdogo wangu wa miaka 26. Zako zimeamka. Ukichoma ya nje ubongo unaona hee, imejaa, unaacha kuita kabisa. LH inashuka karibu na sifuri, na mwenzake FSH anayesimamia mbegu naye anashuka, korodani zinalala, zinasinyaa, mbegu zinapungua mpaka wengine zinaisha kabisa. Hii siyo stori ya kutishana. Shirika la Afya Duniani lilijaribu hiyo hiyo testosteroni kama uzazi wa mpango wa wanaume, miligramu 200 kwa wiki, matokeo yakatoka mwaka 1990, na wengi wao mbegu zilifika sifuri. Miligramu 200! Jimu kuna watu wanaita hiyo dozi ya kuanzia. Ukiacha zinarudi, kwa wengi ni miezi, wengine mwaka hadi miaka miwili, na wapo ambao hazirudi kama zilivyokuwa. Mimi niliyetafuta mtoto wa pili nikamkosa nakwambia hiyo siyo kitu cha kubahatisha kwa ajili ya mabega.

Na kuna hili ambalo watu hawalifikirii. Ukishachoma, ukaenda kupima, unapima kichupa. Namba yako mwenyewe ilikuwa ngapi? Hujui tena. LH yako ilikuwa inasemaje? Imeshazimwa. Daktari atakaa na karatasi yako hajui kama ulikuwa mgonjwa au ulikuwa mzima ukajizima mwenyewe, na kujua tena ni mpaka uache usubiri. Ndo maana nasema pima kabla hujachoma. Pima kwanza.

Swali la pili la kijana: inafanya kazi au haifanyi? Inafanya. Wanaosema haifanyi wanawadanganya, na vijana wakishagundua wamedanganywa hapo hawaamini na mengine. Kuna utafiti wa mwaka 1996 huko Marekani, wanaume wazima wa afya, nusu wakachomwa miligramu 600 kwa wiki kwa wiki 10, nusu sindano ya bure isiyo na dawa. Waliochomwa bila kufanya mazoezi waliongeza kama kilo 3 za mwili usio na mafuta. Waliofanya mazoezi bila dawa, kama kilo 2. Dawa na mazoezi, kilo 6. Soma tena hapo katikati, mtu amekaa tu kamzidi anayetoka jasho. Kwa hiyo ukiona jamaa kwenye simu amejaa miezi mitatu anakuuzia programu ya mazoezi na protini, ujue tu.

Ila wiki 10 ni wiki 10. Denmark waliwafuatilia wanaume waliokamatwa na steroidi, yaani testosteroni na ndugu zake, kwenye majimu, matokeo yakatoka 2024, wamefuatiliwa miaka mingi, na walikuwa wanakufa karibu mara tatu ya wanaume wa umri wao. Moyo ukiwemo.

Wazee wenzangu na nyie msicheke, zamu yenu. Kuanzia miaka ya thelathini na arobaini homoni inashuka taratibu, kama asilimia 1 kwa mwaka, na siku hizi kila mwenye kitambi na usingizi mbovu anaambiwa ana testo ndogo. Ulaya walipima wanaume wa miaka 40 hadi 79, wenye homoni ya chini kweli pamoja na dalili zake walikuwa kama asilimia 2 tu. Wengine wote wamechoka tu, basi. Marekani nako wakawachukua wazee 790 wa miaka 65 na kuendelea ambao homoni yao ilikuwa chini kweli, nusu wakapewa jeli ya testosteroni ya kupaka mwaka mzima, nusu jeli ya uongo, majibu 2016: hamu ya tendo iliongezeka kiasi, mudi ikapanda kidogo, lakini ule uchovu wanaoulalamikia wote haukutofautiana sana na wa waliopewa jeli ya uongo.

Mambo ya kusikia ujana ghafla hayajaanza leo. Mwaka 1889 daktari mmoja mkubwa Paris, Brown-Séquard, ana miaka 72, alijichoma maji ya korodani za mbwa na za wale wanyama wadogo wa maabara akatangaza mbele ya wataalamu wenzake kwamba nguvu zimerudi. Baadaye ikajulikana maji yale karibu hayana homoni yoyote, na testosteroni yenyewe haikutenganishwa mpaka 1935. Mzee alijisikia kijana kwa imani. Nikisikia mtu anasema amechoma jana na leo anajisikia simba, namkumbuka huyo.

Na moyo? Huko nyuma tuliogopeshwa sana. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mkubwa, wanaume zaidi ya 5,000 wenye homoni ya chini na hatari ya moyo, na waliopewa jeli hawakupata shambulio la moyo au kiharusi zaidi ya waliopewa ya uongo. Wauzaji wakashangilia. Hawakusoma chini, ambako mapigo ya moyo kwenda ovyo, damu kuganda kwenye mapafu na figo kuumia vilikuwa juu kidogo kwa waliotumia, na mwaka uliofuata ikatoka ya mifupa, waliotumia walivunjika zaidi. Na hao ni watu wa dozi ya kurudisha kilichopungua, wanapimwa damu kila mara. Siyo dozi ya kwenye begi.

Haya, walionikwaza.

Nilikuwa na mwenzangu wa mazoezi, miaka tunafanya pamoja, nilimshikia chuma kifuani akanishikia. Yeye ndiye niliyemwambia nimeanza matibabu, nikamweleza mpaka matubwitubwi. Siku moja nikavuta kilo 180 kutoka chini, nina miaka 52, jimu nzima imesimama, na kabla sijarudisha chuma sakafuni nikasikia sauti yake, "Hizo siyo zake hizo, za sindano." Watu wakacheka. Kwenye grupu nikapewa jina, sitaliandika. Mwenye jimu akaniuliza kwa adabu kama naweza kuja saa za mchana ambapo hakuna watu wengi. Nikahama.

Kinachoniudhi ni kwamba waliocheka nusu yao wanachoma kimyakimya, mabega yamejaa chunusi, kifua kimeanza kuota matiti kwa sababu homoni ikizidi mwili unaigeuza estrojeni, homoni ya kike, wanakuja kuniuliza pembeni wanywe nini. Mimi kwenye mashindano siingii, nilijitoa mwenyewe. Namba zangu za damu ziko pale pale walipo wanaume wazima wa kawaida, hakuna cha zaidi. Zile kilo 180 nilizivuta mimi, na mgongo huu, na asubuhi zote zile.

Basi. Nimesema.

Usidhani pia dawa ya hospitali ni starehe. Nilianza na jeli ya kupaka mabegani, nikaiacha kwa sababu ya mjukuu. Tangu 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka onyo kali kwenye jeli hizi baada ya watoto waliogusana na ngozi ya waliopaka kuanza dalili za kubalehe, na wangu hataki kubebwa na mtu mwingine. Baada ya kuhamia sindano damu ikawa nzito, ule ujazo wa chembe nyekundu ukagonga asilimia 54, ndo mpaka wenyewe, daktari akapunguza dozi. Tezi dume napimwa. Hiyo ndiyo shibe unayoionea wivu mdogo wangu.

Kwa wewe ambaye hujaanza: lala. Najua inachosha kusikia. Vijana wazima walioruhusiwa kulala masaa matano tu kila usiku kwa wiki moja testosteroni yao ya mchana ilishuka asilimia 10 hadi 15, na wewe unaniandikia meseji saa tisa usiku. Kitambi kama kipo kishuke, mafuta yale yanageuza homoni yako kuwa estrojeni. Kama unakoroma mpaka unakata pumzi kapimwe. Kama unakunywa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini mwambie daktari, zinashusha. Halafu upime, asubuhi, mara mbili, na LH ndani yake. Ikitoka chini kweli, tibiwa bila aibu, mimi nitakuwa wa kwanza kukutetea. Ikitoka 550 halafu bado unataka kuchoma, basi usiite matibabu.

Na wale mlioanza tayari mkasoma mpaka hapa, msiache ghafla kimyakimya nyumbani. Homoni yenu imezimwa na ya nje ikikatika mnabaki bila yoyote, kuna vijana wanaingia kwenye huzuni nzito kipindi hicho hawajui imetoka wapi. Nendeni kwa daktari mkaseme kitu gani, dozi gani, tangu lini, na kichupa mkibebe. Damu iangaliwe uzito, presha na mafuta, na ini kama mlikuwa mnakula vidonge. Daktari wa kwanza akikufokea tafuta wa pili.