Motokaa ilipofika mji mdogo: maswali yenu na majibu

Tangu nigusie hapa habari za miji midogo ya Marekani kati ya 1900 na 1925, wakati motokaa zilipoanza kuingia katika mitaa iliyozoea kwato za farasi, maswali yamekuwa mengi. Wengine mmeuliza halmashauri ya mji wa watu elfu moja, ng'ambo ya bahari, miaka mia iliyopita, inatuhusu nini. Mimi naona inatuhusu sana. Madiwani wale walikuwa watu wa kwanza kukaa kikao juu ya mambo ambayo diwani wa kata yako anahangaika nayo leo: mwendo kasi, vumbi, mtaro ulioziba, na hesabu ya nani atalipa.

Mji mdogo namna hiyo ulikuwa na watumishi wangapi? (Msomaji, Iringa)

Wachache mno. Kulikuwa na meya na madiwani wachache, wengi wao wenye maduka au mafundi, waliokutana jioni baada ya kufunga kazi zao. Kulikuwa na karani wa kuandika kumbukumbu, mweka hazina, msimamizi wa mitaa, na mara nyingi askari mmoja tu wa mji. Askari huyo ndiye aliyebeba mzigo. Alikamata walevi, akafukuza mbwa na ng'ombe wanaozurura, na usiku akajaribu vitasa vya maduka kuona kama yamefungwa. Mwaka 1900 Marekani nzima ilikuwa na motokaa zipatazo 8,000. Kufika 1920 zilikuwa zaidi ya milioni 8, na katika miji mingi zote zilimwangukia askari yuleyule.

Huku kwetu kila kijiji cha barabarani kina tuta. Nani aliyeanza mambo haya? (Msomaji, Dodoma)

Mfano wa mwanzo kabisa ninaoujua ni wa Chatham, mji mdogo wa jimbo la New Jersey, mwaka 1906. Wenye motokaa walikuwa wakipita pale kwa kasi, nao wenyeji wakachoka. Halmashauri ikaamua kuinua vivuko vya watu wa miguu inchi 5 juu ya barabara, yaani kama sentimita 13. Anayekuja taratibu apite salama, anayekimbiza aumie mwenyewe.

Zingatia jambo moja hapo: walichoinua ni kivuko. Tuta lilizaliwa likiwa njia ya mtu wa miguu, na gari ndilo lililotakiwa kumpandia kwa adabu. Matuta mengi ninayoyaona siku hizi yamewekwa mahali ambapo hakuna anayevuka, huku penye shule watoto wakikimbia kati ya magari. Nadhani wa Chatham walielewa vizuri zaidi tuta ni la nani.

Mwendo ulioruhusiwa ulikuwa kiasi gani, na bila vifaa walipimaje? (Msomaji, Nakuru)

Connecticut ndilo jimbo la kwanza kuweka sheria ya mwendo wa motokaa, mwaka 1901: maili 12 kwa saa mjini na 15 nje ya mji. Hiyo ni karibu kilomita 19 na 24. Sheria hiyo pia ilimtaka dereva apunguze mwendo akikutana na gari la farasi, na ikibidi asimame kabisa. Usicheke. Farasi aliyeshtuka hukimbia na gari analovuta, hulipindua mtaroni, na waliomo huvunjika shingo. Wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa ajali iliyoogopwa.

Kupima kulikuwa kwa saa ya kuhesabia sekunde, iliyoshikwa mkononi. Walipima kipande cha barabara, askari akasimama mahali anapoona mwanzo na mwisho wake, akahesabu sekunde. Ushahidi wenyewe ulikuwa huo, na ubishi mahakamani ukaanzia hapohapo.

Na namba za magari? (Msomaji huyohuyo)

New York ilianza 1901, ila mwenye gari alijitengenezea mwenyewe kibao chenye herufi za kwanza za majina yake. Vibao vilivyotolewa na jimbo lenyewe vilianza Massachusetts mwaka 1903. Kwingineko kila mji ulijitolea namba zake, ikawa usumbufu kwa msafiri, mpaka majimbo yakaichukua kazi hiyo.

Je, ni kweli miji mingine iliishi kwa faini za madereva? (Msomaji, Arusha)

Ni kweli, na swali hili ningependa kila mwanafunzi wa sheria alijue vizuri. Katika miji mingi, askari na hakimu hawakulipwa mshahara wa kutosha. Walilipwa ada kwa kila kesi. Mgeni mwenye motokaa alikuwa mawindo mazuri: ana fedha, ana haraka, wala hana kura mjini pale. Kibao cha mwendo kikawekwa mahali pasipoonekana, askari akajificha nyuma ya ua, na dereva akapelekwa saa ileile mbele ya hakimu aliye jirani ya askari. Vyama vya wenye magari vililalamika, na vingine vikaweka watu barabarani wa kuwatahadharisha wapitao.

Kesi iliyoutikisa utaratibu huo haikuhusu gari. Ilihusu pombe, iliyokuwa imepigwa marufuku wakati huo. North College Hill, kijiji cha Ohio kilichokuwa na watu 1,104 katika sensa ya 1920, kilikuwa na meya aliyesikiliza kesi mwenyewe. Mshtakiwa akitiwa hatiani, meya alipata ada yake. Akiachiwa huru, meya hakupata kitu. Mmoja wa walioshtakiwa kwake kwa pombe, Bwana Tumey, alitozwa faini ya dola 100, na katika gharama za kesi dola 12 zikaenda mfukoni mwa meya. Kwa miezi isiyofika minane ya 1923 kesi za namna hiyo zilikuwa zimempa meya dola 696.35 juu ya mshahara wake, na hazina ya kijiji nayo ilipata fungu lake.

Tumey alikata rufaa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na Machi 1927 majaji wote wakakubaliana naye: mtu hawezi kuhukumiwa na anayefaidika kwa kumtia hatiani. Kwa maneno mengine, si lazima uthibitishe kwamba hakimu alikula njama. Inatosha kwamba utaratibu wenyewe unamshawishi. Kila ninaposikia kikosi cha barabarani kimepangiwa lengo la makusanyo kwa mwezi, nakumbuka zile dola 12.

Barabara zenyewe nani alizitengeneza? (Msomaji, Moshi)

Wewe wa Moshi utaelewa haraka, kwa kuwa ulikuwa ni msaragambo. Sheria za majimbo mengi zilimtaka kila mwanamume mwenye nguvu atoe siku kadhaa kwa mwaka kufanya kazi ya barabara, au alipe fedha badala yake. Walikuja na majembe na farasi wao wakati shamba halina kazi, ambao mara nyingi si wakati barabara inapohitaji kazi. Msimamizi alikuwa jirani yao, aliyechaguliwa na walewale anaowasimamia, kwa hiyo hakuwa na ubavu wa kumkemea mtu. Serikali ilipohesabu barabara za vijijini mwaka 1904, katika maili zaidi ya milioni 2, zilizowekwa changarawe, mawe au kitu chochote zilikuwa kama 7 katika kila 100. Zilizobaki zilikuwa udongo mtupu: vumbi kiangazi, tope la kufika magotini masika.

Hapa kuna mtu mmoja ninayemheshimu sana, mkulima wa Maitland, Missouri, aitwaye D. Ward King. Alichukua gogo, akalipasua katikati, akaziweka pande mbili zikifuatana kama hatua moja kati yake, akaziunga kwa vipande vya mti. Hicho ndicho chombo chote. Mvua ikikatika, udongo ungali laini, unafunga farasi wawili na kulikokota gogo kwa mshazari, ukienda upande mmoja na kurudi upande wa pili. Udongo unasogea taratibu kuelekea katikati, mashimo yanajaa, barabara inaota mgongo, na maji yanayofuata yanamwagikia mitaroni badala ya kutuama. Ukirudia kila baada ya mvua, barabara inakauka ngumu. Wizara ya Kilimo ilichapisha kijitabu kuhusu gogo hilo mwaka 1908, na halmashauri nyingi zikaanza kuwalipa wakulima kwa kila maili waliyokokota.

Siri ya King ni kurudia. Halmashauri hupenda kufungua barabara mpya kwa utepe na hotuba. Kuikokota ileile kila baada ya mvua hakuna anayekupigia makofi, na ndiyo kazi inayoiweka hai.

Vumbi je? (Msomaji, Singida)

Gari la maji lenye kuvutwa na farasi lilipita likinyunyizia, na wenye nyumba za mtaa huo wakachangishwa kwa urefu wa uso wa kiwanja. Motokaa zilipozidi, maji hayakufaa tena, maana magurudumu yaliukausha na kuuparua udongo kwa saa chache. Ndipo wakamwaga mafuta mazito barabarani, jambo lililojaribiwa wilaya ya Los Angeles tangu 1898. Vumbi lilitulia kweli, lakini mafuta yakaingia sebuleni kwa viatu na pindo za sketi, na malalamiko ya mazulia yakafika kikaoni. Dawa ya kudumu ilikuwa lami au zege, na hiyo ilikuwa na bei.

Fedha zilitoka wapi basi? (Msomaji, Kisumu)

Kwanza kodi ya ardhi, ndiyo maana wakulima walikasirika: walilipia barabara za matajiri wa mjini kuja kutembea Jumapili. Mwaka 1916 serikali kuu ilitenga dola milioni 75 kwa miaka 5 kusaidia majimbo. Kisha Februari 1919 Oregon ikabuni jambo unalolijua: senti 1 kwa kila galoni ya petroli, kwa ajili ya barabara. Ndani ya miaka 10 majimbo yote yalikuwa yamefuata. Ukijaza mafuta Kisumu au Mwanza leo, tozo ya barabara iliyomo katika bei ni ndugu wa ile senti.

Katika habari zote hizi sijaona mwanamke. Walikuwa wapi? (Dada msomaji, Mombasa)

Swali la haki, dada yangu. Nakupeleka Jackson, Wyoming, mji mdogo katikati ya milima. Wyoming iliwapa wanawake kura tangu 1869. Mei 1920 wanawake watano waligombea halmashauri nzima dhidi ya wanaume, wakashinda viti vyote. Grace Miller akawa meya kwa kura 56 dhidi ya 28. Rose Crabtree alimshinda mume wake mwenyewe.

Walipofungua hazina wakakuta dola 200 tu, huku watu wengi wakidaiwa kodi za nyuma. Hawakupandisha kodi. Walikwenda wenyewe kwa kila mdaiwa, mlango kwa mlango, wakamkumbusha uso kwa uso, na katika majuma mawili hazina ikafika dola 2,000. Kwa fedha hizo walisawazisha mitaa, wakaweka makalvati, wakatengeneza njia nzuri ya kwenda makaburini. Kazi ya askari wa mji wakampa mwanamke kijana, Pearl Williams.

Mwaka uliofuata wapiga kura wakawarudisha, kwa kura nyingi kuliko za mwanzo.