Re: Majani ya chuma yanapasuka ncha

Mambo mkuu, yani unafua majani ya sanamu kwa springi ya gari na kila ukimaliza ncha inapasuka. Picha haijafunguka kwangu, ila kwanza angalia hili, ukitoa motoni unatumbukiza kwenye maji? Kama ndio, shida iko hapo, springi ina kaboni nyingi sio kama nondo, ukiipoza ghafla inakatika kama glasi. Wanafunzi wangu walinivunjia majani matano siku moja hivyo hivyo, siku hizi tunafukia kwenye majivu makavu mpaka kesho yake, sanamu haikati nyama bana, haihitaji ugumu wa kisu. Na wekundu ukishafifia usigonge tena, rudisha motoni, ncha nyembamba inapoa haraka kuliko shina. Ukiona ufa kabla hata hujaanza kufua, springi imeshachoka, tafuta nyingine.